Nilimsingizia Mama Kabula kwa package iliyokuwa inajibadilisha Sengerema

Wakuu, heshima zenu. Hili lilinikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Watu wa IT mtanicheka, wengine twendeni taratibu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kompyuta kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, Nyakato, Mwanza. Wawekezaji ndio walikuwa wanamiminika, na kila mmoja anataka kompyuta.

Tulikuwa na kompyuta mbili, zote zinaendeshwa kwa Linux. Moja kiwandani, nyingine kwenye kituo cha kupokelea sangara upande wa Sengerema. Ile ya Sengerema nilikuwa naingia kwa modem, kupitia simu ya mezani.

Mvua ikinyesha, laini inakata. Unapiga tena. Inakata tena. Acheni tu.

Kituoni alikuwepo Mama Kabula, umri wa mama yangu mzazi. Anapima samaki, anaingiza kilo na hali ya barafu, printa inatoa karatasi, gari linaondoka. Bila karatasi ile kiwanda hakipokei mzigo.

Siku moja akapiga simu: printa haitoi kitu.

Printa huwezi kuikagua kwa modem, nikafunga safari. Mkolani, Kigongo, foleni ya kivuko, Busisi, mpaka kituoni. Nafungua mashine, nakuta package ya kuprinti, yaani programu inayoendesha printa, imewekwa toleo jipya, ambalo printa yao ya zamani hailielewi kabisa.

"Mama, nani ameweka hiki kitu?"

"Mwanangu, mimi naandika kilo tu. Hicho unachosema hata sikijui."

Nikarudisha toleo la zamani, nikaondoka nanung'unika.

Wiki mbili baadaye, tatizo lile lile. Kivuko tena. Package ile ile!

Mara ya tatu kivuko kilikuwa kibovu. Nilipofika jioni barafu imeshayeyuka, gari zima la sangara linanuka. Meneja alikuwa ametangulia, amefura.

"Nani anachezea hii mashine?" akaniuliza mbele ya madereva na wapakiaji.

Nikajibu, "Anayekaa nayo ni Mama Kabula."

Hapo hapo akaambiwa aende nyumbani. Alijifunga kitenge vizuri, akachukua mkoba wake, akapita mbele yangu bila kunitazama.

Nami, Mungu anisamehe, nikaona nimemaliza kazi.

Meneja akafunga chumba, akaondoka na ufunguo mpaka apatikane mtu mwingine. Mashine ikabaki inawaka, toleo la zamani nimesharudisha. Ndipo, kwa modem, nikaandika script, programu fupi ambayo nilipaswa kuiandika tangu mwanzo: kila asubuhi mashine inaorodhesha package zote zilizomo, inalinganisha na orodha ya jana, na tofauti yoyote inaiandika pamoja na siku na saa ilipowekwa.

Siku ya sita nikapiga modem, nikasoma. Package ya kuprinti imebadilika. Jana, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Chumba kimefungwa, jamani! Ufunguo uko kwa meneja, na meneja tuko naye Nyakato!

Nikafungua kumbukumbu za modem ya kiwandani. Jana hiyo hiyo, saa nne asubuhi, kuna simu imeenda Sengerema. Imepigwa kutoka mezani kwangu.

Mchawi ni mimi.

Iko hivi. Kiwandani tulikuwa na printa mpya iliyohitaji lile toleo jipya. Kila nikili-install, printa inagoma, natukana Linux, najaribu siku nyingine. Kumbe nalipeleka Sengerema! Nilikuwa naingia kule kuangalia kilo, na siku hizi za mwisho ile script, naenda kunywa chai, narudi nimesahau kutoka, na kila ninachoandika kinaenda kule. Skrini zote nyeusi. Na mashine zote mbili, kwa uvivu wangu, nilizipa jina moja, na jina ndilo pekee linaloonyesha kwenye skrini uko mashine gani.

Nilikaa pale nimeshika kichwa. Kisha nikaenda kwa meneja nikamweleza yote. 

"Kamrudishe wewe mwenyewe," akasema.

Nilimkuta Mama Kabula nyumbani kwake, anaanika mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaendelea kuanika.

Nikaeleza. Nikaomba msamaha. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Ulinitaja mbele ya watu," akasema. "Hapa tunakusikia mimi na kuku tu. Kesho kaseme kule."

Kesho yake, mbele ya madereva na wapakiaji wale wale, nikasema: aliyeharibu mashine ni mimi, siyo huyu mama. Dereva mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu.

Mama Kabula akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, akachukua kalamu. Nikasogea niitengeneze mashine, akaweka mkono juu ya kibodi.

"Kwanza nitajie unaweka nini, na kwa nini. Naandika."

Nikamtajia, herufi moja moja. Akaandika, akanisomea, ndipo akaondoa mkono. Ikawa hivyo kila nilipoigusa mashine ile, hata kwa simu, mpaka naacha kazi pale.

Nilichojifunza, wakuu: kama unasimamia mashine za mbali, kila moja ipe jina lake, na kila kinachowekwa kiandikwe kimewekwa na nani. Ukianza kumtafuta mkosaji, anza na jina lako.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu alishawahi kumchomea mtu kazi kwa kosa lake mwenyewe? Semeni tu, mimi nimeshajianika.