Firigisi ya Watu Wawili

Nyinyi mnaomaliza chuo mwaka huu, ngojeni niwaambie kitu. Mimi sina cheti. Kuchomelea vyuma nilijifunza kwa video za simu na kwa kuungua mikono. Kwa hivyo kama unataka ushauri wa mtu amesoma, si huu.

Nilikuwa na rafiki. Tulikua naye Bungoma, boma zetu zinapakana. Baba yake alikufa tukiwa wadogo, na kutoka hapo mama yake akaanza kutugawia firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanaume wa nyumba, haipewi mtu ovyo. Huyo mama alikuwa anaikata katikati, nusu yake, nusu yangu, halafu anasema, "Hii boma iko na wanaume wawili." Mimi nikaamini kabisa.

Yeye akaenda chuo kusomea mitambo. Mimi nikaenda Kitale kutengeneza mashine za kupukusa mahindi. Tukapatana akimaliza tufungue karakana moja huko Kitale, sawa kwa sawa. Nikashika kibanda kwa barabara ya Endebess, nikachomelea meza mbili za kazi. Ile yake nilikuwa naipanguza vumbi kila asubuhi, na hakuna mtu ameigusa.

Tajiri mmoja wa Moi's Bridge akanitaka niwe fundi mkuu wa mashine zake zote. Nikamwambia, "Pole mzee, kuna mtu namngoja."

Akacheka. "Na huyo mtu anajua unamngoja?"

Nilimkasirikia huyo mzee vibaya sana.

Siku ya sherehe ya rafiki yangu kumaliza chuo, nilienda Bungoma mapema. Hema nilisimamisha mimi. Waya za spika nilifunga mimi. Chakula kikaletwa. Meza ya mbele alikuwa amekaa kijana wa suti, wamesoma na yeye, na baba yake ako na duka la vipuri hapo mjini. Rafiki yangu akachukua firigisi, akaikata, akampa huyo kijana nusu. Nilikuwa nimesimama hapo na sahani yangu. Mama yake akaangalia chini.

Halafu rafiki yangu akashika maikrofoni. Ati yeye na huyo mwenzake wanafungua karakana Bungoma. Watu wakapiga makofi. Ati, "Na huyu ndugu yangu wa Kitale, fundi moto sana, tutamwandika kazi."

Nilimvuta nyuma ya jiko.

"Sasa Kitale?"

"Bana, usianze. Kitale ilikuwa stori za vijana."

"Meza yako iko pale."

"Si uuze. Wewe ni mtu wa mikono, ndugu. Mambo ya tenda inataka mtu ako na makaratasi. Lakini tutakulipa vizuri."

"Nani amekuuliza malipo?"

"Ona sasa. Hii hasira yako ndiyo watu wanaogopa."

Hakuwa hata ananichukia. Aliongea na mimi vile mtu anaongea na wenye kukodisha viti. Nikatoka hivyo hivyo, nikaacha spika zao zikilia.

Sasa nyinyi. Mtu akienda chuo anabadilika, sikatai. Mipango pia inabadilika. Lakini kama umebadilisha mpango na kuna mwenzako amekataa kazi juu yako, mwambie. Mwambie mapema, mkiwa wawili, si kwa spika ambayo ni yeye amekufungia. Na wewe unayengoja, uliza. Kila likizo akirudi, uliza, hata kama unaona aibu. Mimi nilidhani kuuliza ni kumshuku. Moi's Bridge nilipiga simu wiki iliyofuata. Walikuwa wameshapata mtu.

Msimu wa mavuno mama yake akanipigia, mahindi yamekauka, mashine ya kupukusa imekwama, kila fundi anamzungusha. Marafiki zangu wa Kitale wakasema nikienda mimi ni mjinga. Nikaenda. Huyo mama hajanikosea, na mimi siwezi kumwacha na mahindi nje mvua ikinukia.

Nilimkuta kijana wake, yule rafiki yangu, ameshika gunia kwa mdomo wa mashine. Nikaitengeneza, tukafanya kazi mpaka nusu ya rundo ikaisha.

"Kwani bado umeninunia?" akauliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Shika gunia vizuri, mahindi ya mama inamwagika."