Udongo Uliolazwa Handsworth

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, baridi ikianza kulegea, nimesimama kwenye kishamba chetu cha Handsworth, mjini Birmingham, na buti za babu yako miguuni, nikigombana na Mwingereza juu ya udongo mtupu. Babu yako alikuwa kiwandani Hockley. Afadhali, maana angenivuta mkono ninyamaze.

Kishamba kilikuwa cha halmashauri, cha kukodi kwa ajili ya mboga. Nilikilima na Mama Justina, bibi wa Kichile kutoka nyanda za juu kabisa, ambako hata mahindi hukataa kuota. Alikuja Birmingham kumfuata mwanawe aliyewakimbia wanajeshi. Mimi Mtaita wa milimani, yeye wa milimani, na Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa na mbegu kidogo za kinoa, nafaka ya kwao, kwenye kitambaa, punje ndogo kama za wimbi. Ndizo tu zilizobaki za shamba la mamake. Mwaka wa kwanza tulizipanda kishamba kizima, zikatoa vichwa vyekundu na vya njano hadi Masingasinga wa jirani wakaja kushangaa.

Mwaka wa pili Mama Justina akakigawa kishamba kwa kamba. Huku tupande, huku tuache. Ndipo msimamizi akaja.

"Hapa hamna kitu," akasema. "Pasipolimwa nampa mwingine. Watu wanangoja."

"Pamepumzika," nikamwambia.

"Pamepumzika! Kwani palifanya zamu ya usiku?"

Akajichekea mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa nasafisha wodi hospitalini, nikamjibu: "Bwana, mgonjwa akilala, humnyang'anyi kitanda eti hafanyi kazi."

Akacheka tena, lakini hakulegeza. Alitupa muda hadi mwisho wa mwezi.

Nikamgeukia Mama Justina. "Tupande kinoa kote, yaishe. Tukinyang'anywa hapa, mbegu zako utazipanda wapi, kwenye kikombe?"

Alinitazama kama niliyemtemea mate.

"Binti, wajomba zangu walisema hivyohivyo. Mavuno mazuri, tupande tena, tupande kote. Wakauza wanyama waliotupatia mbolea, wakalima hadi malisho. Upepo ukabeba udongo. Sasa wana mchanga." Akanisogelea. "Wewe umezaa?"

"Nimezaa."

"Ulizaa kila mwezi?"

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye matope. Na nikiwa palepale chini nikamkumbuka mamangu. Shamba likichoka, alikuwa analipandia kunde ili lipate nguvu. Kunde pale zingekufa kwa baridi, lakini njegere je? Ardhi inapata nafuu, na msimamizi anaona majani. Mama Justina alifikiri, akaitikia kwa kichwa, kisha akadai mbolea.

Mbolea, mwanangu, ilikuwa kwa farasi wa mzee mmoja aliyezunguka na mkokoteni akikusanya vyuma chakavu. Basi mimi, mke wa mtu, koti la kanisani mwilini na ndoo mkononi, nikafuata makalio ya farasi Soho Road. Mhindi mmoja wa dukani, mzaliwa wa Nairobi, akanipigia kelele kwa Kiswahili: "Mama, umeangusha nini?"

"Chakula cha watoto!" nikamjibu, nikainama kuokota.

Mwisho wa mwezi msimamizi akarudi, akachungulia.

"Hizi nini?"

"Njegere."

"Na mgonjwa wako?"

"Bado kalala. Tumemfunika blanketi."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Kishamba kikabaki chetu. Kila mwaka kinoa ilihamia upande mwingine, na mbegu za Mama Justina hazikukosa pa kuota.

Sasa nasikia unataka kwenda Taita kulima kinoa, kwa kuwa maduka ya Moseley yanaiuza kama dhahabu. Nenda! Nimefurahi hadi nimemsumbua shangazi yako kwa simu. Lakini usiupande mlima mzima. Acha sehemu ilale, mwaka unaofuata ubadilishe. Usiuze mbuzi. Using'oe wimbi wanalokula watu wetu ili upande kinoa wanayokula wageni. Na akija mtu kukwambia ardhi iliyolala ni hasara, mpe kiti, mpe chai, jembe usimpe.

Mungu akupe mvua ya kiasi na magoti yasiyouma, na watoto wako wale kabla ya wateja.