Kitako cha Mbao cha Edah

Jagjit alipiga simu Jumatatu. Akasema atakuja Ijumaa kuchukua bunduki ya mke wangu, Edah.

"Mzee, ufunguo wa kabati unao?"

"Sina."

"Uko wapi?"

"Alijua Edah."

Jagjit ni Kalasinga wa Nakuru. Anatengeneza bunduki hapa Birmingham, karakana yake iko upande wa Digbeth, chini ya reli. Kiswahili chake ni kile cha kwetu.

"Basi tafuta," akasema. "Usipoupata nitakuja na mashine nikate mlango. Sipendi, lakini polisi wanataka bunduki itoke hapo. Mwenye cheti cha kuimiliki hayupo tena."

Mimi pia sikupenda. Kabati lile la chuma Edah alilichagua mwenyewe, akamsimamia fundi akilifunga ukutani. Nilikuwa nimeona Edah akikatwa vya kutosha. Hili sikutaka likatwe.

Nikaanza kutafuta. Droo za jikoni, mikebe ya majani ya chai, mifuko ya makoti, ndani ya viatu. Napanda ngazi, nashuka. Nikishika kitu nasahau natafuta nini. Natoka, nazunguka mtaa wetu wa Castle Vale mpaka madukani, sinunui kitu, narudi. Naweka maji ya chai, yanachemka, nimeshatoka tena. Zamani Edah angesema, "Baba Chumba, kaa chini. Unanichosha macho." Chumba ni mtoto wetu, yuko Leeds. Alisema kwenye simu waache wakate tu, ni bati. Nikakata simu.

Zamani ufunguo ulikaa shingoni mwa Edah, kwa kamba, pamoja na msalaba. Sheria ya hapa ni hiyo, mwenye cheti peke yake ajue ufunguo ulipo. Mume hajui. Nami sikuuliza. Baada ya upasuaji kamba ilimsugua kovu, akaivua, na tangu hapo ufunguo sikuuona. Hospitali walinipa mfuko wa vitu vyake. Saa, miwani, msalaba. Ufunguo haukuwamo. Tukampeleka nyumbani, tukamzika kwao Keiyo, nikarudi huku peke yangu, na kabati liko palepale limefungwa.

Watu wameniuliza mara nyingi, Edah, nesi, tena mama wa kanisa, alitaka nini na bunduki. Nitasema ninavyojua.

Baba yake alikuwa askari wa wanyama bonde la Kerio. Alitembea na bunduki ya Mwingereza, ile ya vita vya Hitler, nzito, mbao mbele na nyuma. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndovu mashambani. Mara nyingi alipiga hewani tu, wakaenda zao. Kitako cha bunduki ile kina bamba la shaba nyuma, na kwenye bamba kuna kifuniko kidogo. Ukikifungua unaona tundu ndani ya mbao. Askari huweka humo chupa ya mafuta ya kusafishia. Mzee yule aliweka peremende. Akirudi jioni watoto hawakuangalia mikono yake, walikimbilia kitako. Edah alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo kufungua ilikuwa kazi yake.

Alipokua kidogo baba yake akamlaza kifudifudi nyuma ya boma, akampa risasi moja. Akaupiga mkebe. Mama yake aligomba mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Basi. Akasoma unesi, akaolewa na mimi ambaye sikusoma, tukaja huku. Akafanya kazi wodi ya wazee. Mwenzake mmoja wa kazini akamchukua Jumamosi moja kwenye klabu ya kulenga shabaha, kutazama tu. Alirudi anacheka peke yake jikoni.

"Kuna nini?"

"Baba Chumba, leo nimeshika bunduki ya baba."

Haikuwa yenyewe. Ilikuwa aina ile ile. Akaomba cheti. Polisi wakaja, wakakaa pale kwenye sofa, wakauliza maswali, wakagonga ukuta kuona kama ni imara. Cheti kikatoka. Akanunua kwa Jagjit. Nilikuwepo. Kitu cha kwanza alichofanya, alifungua kile kifuniko cha shaba akaingiza kidole.

"Mama, unatafuta nini humo?" Jagjit akauliza.

"Peremende."

"Kwangu utapata kutu tu."

Jumamosi klabu, Jumapili kanisa. Wazee wa kanisa walimtania. "Nesi, mgonjwa akikataa dawa unamfanyaje?" Akawajibu, "Namwambia akimbie kwanza." Walicheka, lakini baada ya hapo hakuna aliyekaa kwenye kiti chake.

Mwaka wa elfu mbili na tano wakamkata titi la kulia.

Bunduki ile inapiga teke. Na shaba ile inagonga palepale. Alingoja mpaka kidonda kikakauka, akaenda kujaribu. Mimi nilikaa benchi la nyuma na vile vya kuziba masikio. Alipiga mara moja. Akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Nyumbani akavua koti, akasimama dirishani.

"Huu ugonjwa utarudi," akasema. "Mimi nimewauguza wenye nao, najua. Lakini nitapiga tena kabla haujarudi. Tena bila kulia."

Alichotaka kilikuwa hicho tu. Hakuomba kingine.

Jagjit akampa shauri. "Mama, chuma ni kizuri. Kinachokuumiza ni kitako. Tutoe mbao, tuweke ya kisasa." Edah aliipapasa ile mbao kwanza. Ilikuwa imeng'aa kwa mikono ya watu tusiowajua. Akasema, "Toa."

Jagjit akaingiza bisibisi ndefu kwenye lile tundu la peremende. Skrubu inayoshika kitako iko huko ndani kabisa. Akazungusha, akapumua, akazungusha. Kitako kikatoka mkononi mwake kama jino la maziwa. Akafunga kingine, cheusi, cha plastiki. Hicho unakirefusha, unakifupisha, kama mwenyewe alivyo. Nyuma kina mpira mnene kama soli. Mbele pia akaondoa mbao, akavika plastiki. Nilipotazama niliona mzee amevalishwa nguo za mjukuu.

Klabuni mzungu mmoja mzee alikasirika. Akamwambia Edah ameharibu kitu cha historia, ametia plastiki kwenye bunduki ya heshima. Edah akamtazama mdomoni.

"Na hayo meno? Ulizaliwa nayo?"

Yule mzee akacheka mpaka akayashika yasitoke. Tangu siku hiyo alimbebea Edah mkeka wake wa kulalia akipiga.

Aliyekasirika bila kucheka alikuwa Fortunée.

Fortunée ni Mkongo wa Uvira. Ana cherehani Alum Rock, nyuma ya duka la vitambaa. Ndiye aliyemwogesha Edah alipotoka hospitali, mimi nikiwa nasimama mlangoni sijui nishike nini. Bunduki ya mbao alikuwa ameiona zamani, akaicheka tu. Sasa akaingia jikoni na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, akakuta Edah anaisafisha ile nyeusi mezani. Akaweka sufuria sakafuni.

"Mama Edah. Ile ya mbao ilikuwa ya mababu. Hii njo ya basoda." Basoda kwao ni wanajeshi.

"Ni ile ile, Fortunée. Nimebadilisha kitako tu."

"Si ile ile. Hii mi naijua. Ilikuja kwetu, ikaingia mpaka chumbani."

Akatoka. Sombe ikabaki. Jumapili alikaa upande wa pili wa kanisa, na Jumapili iliyofuata vilevile. Edah alikuwa akiimba huku anamtafuta kwa macho.

Na kitako kipya chenyewe hakikumkaa vizuri. Bega halikuuma, lakini kilikuwa chini, shavu halikukifikia. Akiinua kichwa shabaha inampotea. Jagjit akasema kinataka mto mdogo wa kuinulia shavu, kitu laini, cha kufunga juu yake.

"Namjua fundi," Edah akasema. "Toa hicho kitako."

Tukapanda basi mpaka Alum Rock, mimi na mfuko wa plastiki magotini. Ndani ya mfuko kitako peke yake. Chuma kilibaki kwa Jagjit. Fortunée alituona mlangoni, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Papa Bethuel, mfuko ubaki inje."

"Hamna bunduki humu," Edah akasema. "Shika uone. Ni plastiki, kama beseni."

"Mi sishiki."

"Fortunée, wewe uliniogesha. Kidonda changu ulikiona kabla ya mume wangu. Mimi sitaki kumlenga mtu. Nataka nilale chini kama siku ile na baba. Mara moja tu isiniumize."

Cherehani ikasimama. Nilitoka nje, nikatembea mpaka kwa muuza maembe, nikarudi, nikatembea tena. Niliporudi mara ya pili Fortunée alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Kitako kilikuwa mezani, kimefunikwa taulo, naye anapima juu ya taulo.

"Kama itakaa nyumba ya watu wa Mungu," akasema, "ivae nguo."

Akashona mto wa sponji, akauvika kitenge cha njano chenye ndege wekundu, akatia kamba nne za kufungia. Edah alicheka, akashika kifua kwa sababu kucheka bado kulimuuma.

Jumamosi ile akalala kifudifudi kwenye mkeka. Yule mzee wa meno alisogea kutazama. Edah akalaza shavu juu ya ndege wale. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Bunduki ikalia. Nikangoja aiweke chini. Hakuiweka. Akavuta komeo, akapiga tena, akapiga tena. Halafu akageuza kichwa akanitafuta pale benchi, akanifumbia jicho moja.

Alipiga kiangazi chote. Majira ya baridi ugonjwa ukarudi, kama alivyosema.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza nikipekua nyumba. Alhamisi Fortunée akaja na sombe. Akasimama mlangoni. Magodoro yameinuliwa, nguo ziko ngazini.

"Papa Bethuel! Wezi waliingia?"

"Ni mimi."

"Unatafuta nini?"

"Ufunguo wa kabati. Kesho wanakuja kukata."

Akachukua ufagio, akapanda juu. Nyuma ya mlango wa chumba chetu, kati ya miavuli, kile kitako cha mbao kilikuwa kimeegemea ukuta. Edah alikiweka hapo siku alipotoka nacho kwa Jagjit. Nilikipita kila siku. Tangu tumzike sikukitazama, niliangalia pembeni. Fortunée hicho hakukiogopa. Akakiinua afagie chini yake.

Kikalia. Ko, ko.

"Papa, huu mti una kitu ndani."

Nilikichukua. Nikasukuma kifuniko kwa dole gumba, kikakataa. Fortunée akatoa mkasi wake mdogo mfukoni, akakisukuma kwa ncha. Nikakigeuza kitako juu ya kitanda. Ukaanguka ufunguo. Zikafuata peremende mbili za mnanaa, zile alizokuwa akiwapa wagonjwa wake. Karatasi zilikuwa zimegandamana nazo.

Nikakaa kitandani.

"Kumbe alitaka uupate," Fortunée akasema.

"Angetaka niupate angeuweka nyuma ya mlango?"

"Alijua wewe hushiki ufagio. Akiwa hai, polisi wakikuuliza, hujui kweli."

Akapangusa macho kwa kona ya kitenge, halafu akanipa ule ufagio.

Ijumaa Jagjit akaja bila mashine, nilikuwa nimempigia. Kabati sikuligusa mpaka alipofika. Nilimpa ufunguo, akafungua yeye, akaangalia kama bunduki haina risasi, akaitia kwenye mfuko wake mrefu. Kabla ya kuitia alifungua zile kamba nne, akanipa mto wa ndege. Mahali pa shavu palikuwa pameng'aa kidogo.

"Na mbao zake, Mzee? Mnunuzi ataziulizia. Bunduki hizi watu wanazitaka kama zilivyotoka vitani."

"Mwambie hazipo."

Alikiona kitako. Kilikuwa mkononi mwangu.

"Haya," akasema. "Mbao haitaki cheti."

Akanishika bega, akashuka. Fortunée alikuwa jikoni, ameupa mlango mgongo, bomba la maji limefunguliwa kwa nguvu asisikie hatua. Mlango wa mbele ulipofungwa akalifunga bomba.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Na nguo yake?"

Nikampa. Akainusa pale mahali pa shavu, akanirudishia. Nikampa peremende moja. Alihangaika na karatasi yake muda mrefu, mwisho akaila na karatasi kidogo.

Bado sikai. Napanda, nashuka, natoka mpaka madukani, narudi. Kabati nalo limeondolewa, ukutani kumebaki matundu ya bolti, sijaziba. Lakini nikipita mlango wa chumba chetu nakichukua kitako, nafungua kifuniko, natazama, nafunga. Peremende ya pili nimeirudisha humo.