Nukta Tatu za Mzee Asukile

Andendekisye alichukua redio ambayo mkewe, Esnath, aliachiwa na marehemu baba yake, akampa mwanamke wa Iringa bila kumwuliza mwenyewe. Hilo ndilo kosa, na mtu asilipambe.

Nyumbani kwao Mbeya kulikuwa na redio kuukuu kumi na tisa, zote za masafa mafupi. Siku hizi ukizifungua husikii ila mvumo kama mvua juu ya bati. Andendekisye aliuza mpaka kitanda cha wageni ili apate nyingine, na Esnath akavumilia. Lakini ile ya mbao haikuwa ya kuguswa. Esnath hakusoma, tarakimu za kwenye kioo kwake zilikuwa michoro tu. Kwa hiyo baba yake, Mzee Asukile, alimwekea nukta tatu kwa rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa: ya kwanza habari, ya pili salamu, ya tatu kwaya. Mzee alipopofuka, binti ndiye aliyemtafutia stesheni.

Esnath alipanda basi hadi Iringa kuifuata. Aliyemfungulia mlango ni Verediana, mkusanyaji wa redio kama Andendekisye, mwanamke wa rika la Esnath, ila mikono yake laini, haijui jembe.

"Karibu, wifi yangu!" alisema Verediana, Esnath alipojitaja kuwa mke wa Andendekisye.

"Wifi? Mbeya una kaka gani, wewe?"

Verediana akacheka. "Haya basi, karibu mama. Ingia kwanza."

Redio ilikuwa sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, inang'aa kama bibi harusi. Esnath alipapasa kioo. Kitupu.

"Nukta zangu ziko wapi?"

"Yale madoa? Ande aliyasugua kwa pamba na mafuta ya taa. Siku mbili nzima! Alisema ananiletea kama imetoka dukani leo."

Ande. Siku mbili. Kwa miaka ishirini na sita mwanaume huyo hakuwahi kumsuuzia Esnath hata kikombe.

Verediana aliuona uso wake, kicheko kikamwisha. "Ichukue, dada. Mimi aliniambia ni ya baba yake yeye."

Esnath aliipakata mpaka Mbeya. Andendekisye alipoiona, akafoka: "Umenitia aibu kwa Verediana!"

Esnath aliweka mezani kopo la rangi nyekundu na kijiti.

"Zirudishe."

Mume alichovya kijiti, akainamia kioo, akabaki hivyo mpaka rangi ikadondoka mezani.

"Niziweke wapi?"

"Siku mbili unasugua, hukuona zilipokuwa?"

Alitoka nje, akaenda kuangalia kuku, yeye ambaye hajawahi kujua hata idadi yao. Kopo bado liko pale mezani, rangi imeshika utando juu. Verediana hadaiwi kitu, ingawa Esnath hajamsamehe ile mikono. Anayedaiwa ni Andendekisye, na anadaiwa nukta tatu, kila moja mahali pake.