Yowe la Nyuma ya Ukuta

Fundi wa maabara ya shule alikuwa na raha moja tu duniani, nayo aliipata kwa kutega sikio ukutani. Miaka thelathini na mmoja aliyeyusha chumvi, akajaza chupa, akabandika majina, akazipanga mezani, kisha akajifungia stoo kabla kipindi hakijaanza. Kila mwaka wanafunzi walimimina maji ya chumvi ya madini ya risasi ndani ya maji ya chumvi nyingine, yote mawili maangavu. Papo hapo yakazuka mashapo ya manjano, na darasa zima likapiga yowe: "Looo!" Yowe hilo fundi alilihesabu kuwa lake, ingawa hakuna aliyewahi kumwita aje kuona.

Nyumbani hapakuwa na wa kupiga yowe. Mkewe alikwisha kutangulia. Mwanawe alipiga simu kila mwisho wa mwezi: "Shikamoo baba, mzima? Haya, nitakupigia baadaye." Baadaye hiyo mpaka leo iko njiani.

Ijumaa ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Basi mzee wa watu akafanya kituko: chupa ya chumvi ya risasi aliyoiweka mezani aliijaza maji matupu, makusudi mazima. Chumvi yenyewe akabaki nayo stoo, ameipakata. Mashapo yatagoma, mwalimu atabisha hodi stoo, naye fundi ataingia darasani, amimine kwa mkono wake, azione nyuso zao. Hata koti alilolivaa lilikuwa jipya.

Kipindi kikaanza. Vioo vikagongana, kisha kimya.

"Mwalimu, mbona haibadiliki?"

Fundi akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Chumvi imeharibika hiyo," mwalimu akajibu. "Msipoteze muda. Andikeni tu: mashapo ya manjano. Si mnayaona kitabuni?"

Wakaandika. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha siku hiyo kilikuwa na mkwaruzo wa kalamu tu. Kengele ikalia, viti vikaburuzwa, vicheko vikaishia uwanjani.

Mzee akatwaa bilauri, akatia maji ya ile chumvi nyingine yaliyobaki stoo. Halafu akamimina yale ya risasi juu yake. Manjano ikazuka, ikaanza kushuka taratibu, nzuri ajabu. Akautazama mlango. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulipiga yowe, akalipiga mwenyewe, kwa sauti ndogo:

"Looo!"