Bi Brashi na Utando wa Pinki

Majirani tulimwita Bi Brashi, na hakuchukia. Kwa miaka mingi alisafisha wodi ya watoto wachanga, na huko ndiko mtaalamu wa maabara alikomwonyesha utando wa pinki pembeni mwa sinki.

"Huyu ni bakteria, anaitwa Seratia," alimwambia. "Anapenda unyevu na mabaki ya sabuni. Mtu mwenye afya hamsumbui sana, ila kichanga mgonjwa anaweza kumuua."

Bi Brashi alishika la kichanga. La mtu mwenye afya liliingia sikio hili likatokea lile.

Alipostaafu akaihamishia wodi nyumbani, alikoishi na mwanawe, mkwewe na mjukuu. Bafu la watu wanne halikauki, basi utando ulirudi kila alipousugua, na lawama zikamwangukia mkwe.

"Mama, huyo Seratia unamtaja mpaka nadhani ni mke mwenzangu," mkwe alimtania.

"Cheka tu. Mtoto akiugua utamcheka nani?"

Siku alipomwaga dawa ya madoa kwenye beseni la nguo, sare ya mtoto ikatoka mabaka meupe, mkwe hakutania tena. Yeye, mumewe na mtoto walifunga virago, wakapanga mtaa wa mbali. Nilimsihi Bi Brashi awafuate awaombe radhi. Akasema watarudi wenyewe maji yakiwafika shingoni. Kiburi kile nakilaani mpaka leo, maana yule mama nilimpenda.

Bafu likakauka, vigae vikang'aa. Wanasema majuto ni mjukuu. Yeye alibaki na majuto, mjukuu hayupo. Alasiri moja alikuja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Jirani, nilikuwa namsafishia nani?" akaniuliza, kisha akalia kama mtoto.

Hatimaye alipiga simu, na Jumapili mwanawe akamleta mjukuu. Nilikuwepo. Bi Brashi alikuwa ameandaa chai na mkate, amevaa gauni lake zuri. Mtoto alimwamkia vizuri, akafungua mkoba na kutoa kikombe cha plastiki.

"Nimekuja na changu, Bibi. Nitaondoka nacho, usipate tabu ya kuosha."

Bibi akainua birika ammiminie huku akimtazama usoni, chai ikamwagika mezani. Kabla hatujasema neno, mtoto alikuwa ameshakimbilia jikoni kutafuta kitambaa, huku akisema, "Samahani, Bibi, samahani."