Kihisi Nilichokivika Mfuko

Nakumbuka, mwanangu, siku ya mvua pale Korogwe nilipoonywa nikiwa na spana mkononi.

Nilikuwa binti mbichi, nimeteremka kutoka Vugiri kujifunza ufundi kwa Mzee Mhina, aliyekuwa na chumba cha kuchaji betri za magari na za sola. Juu, karibu na dari, alifunga kihisi, kisanduku kidogo cha kunusa haidrojeni, gesi inayotoka kwenye betri zikichajiwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na cheche moja tu huilipua.

Basi kisanduku kile kilinichosha. Nikifuta meza kwa spiriti, kinalia. Nikijipulizia manukato (ujana, mwanangu!), kinalia. Nikakiona kizushi. Asubuhi moja nikakivika mfuko wa plastiki, kikanyamaza. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini siku hiyo nilijiona mjanja.

Mvua ikaanza, nikafunga madirisha, betri zikiendelea kuchajiwa. Nilikuwa nimeinama nilegeze nati ya waya wa betri, kazi inayoweza kurusha cheche, Mzee Mhina akatokea mlangoni. Akatazama juu.

"Weka spana chini, taratibu. Toka nje."

Akazima umeme kwenye swichi ya nje, akafungua madirisha yote. Tukasimama mvuani. Baada ya muda akaingia, akauvua ule mfuko. Upepo ulikuwa unapita, na bado kisanduku kililia.

Nikangoja matusi. Hayakuja. Mzee alikaa juu ya ndoo.

"Binti yangu, ningemwambia nini mama yako?"

Nikalia sana. Akanibembeleza, kisha akanieleza: ndani ya kihisi mna kipande cha semikondakta, kidogo kama punje ya mtama. Gesi ikikigusa, umeme hupita ndani yake kwa namna nyingine, ndipo king'ora hulia.

"Hata mvuke wa spiriti hukigusa," akasema. "Hakikukudanganya. Kilinusa kitu kweli. Wewe ndiye hukutaka kujua ni kitu gani."

Mwanangu, anayekuonya akikuchosha, usimzibe mdomo. Inuka ukatazame, hata kama jana ulitazama ukakuta si kitu. Na ukimwona mwenzio amekosa kama mimi, mtoe kwanza kwenye hatari, maneno yafuate, tena ya upole. Makali yangenifundisha kuficha kosa la pili.

Mungu akupe sikio lisilochoka, akuzungushie watu wa kukuonya, na kila jioni akurudishe nyumbani ukiwa mzima.